Treni Isiyosimama Konani

Siku ile kijiweni, mkabala na geti la mgodi, walikuwapo Breki, dereva wa treni ya mawe kule chini ardhini; Waya, fundi umeme; Kasuku, kinyozi anayeujua mgodi wote kwa mdomo; na Mama Kichanga, muuza kahawa, mtoto mgongoni. Breki alimshikia birika asije akaungua. Wahandisi walikuwa wameziendesha treni zote kwenye kompyuta, wakaona ya Breki inapoteza muda konani, inaposimama ili watu wa zamu wapite kwa miguu. Wakaamuru kuanzia mchana ule isisimame tena. Na mume wa Mama Kichanga, fundi reli, hupita pale kila siku.

— Mwezi mzima wamezijaribu, alisema Waya. Hazijagongana hata mara moja.

— Kwenye kompyuta hata mimi wangenipa nywele, alijibu Breki, akijipapasa upara.

— Acha woga, kaka! alidakia Kasuku. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo kanyaga!

— Si ina maana usikimbie? aliuliza Breki.

— Hiyo ni ya waenda kwa miguu. Halafu ile kompyuta inaota, bwana! Imeshaziona treni za mpaka mwakani.

— Mwakani nasikia haitaki dereva, alisema Waya.

— Na mwaka wa pili haitaki hata mawe! Mabehewa matupu yatazunguka, sisi tunakula mshahara!

Wakacheka. Mama Kichanga hakucheka.

— Shemeji Waya, humo kwenye kompyuta, watu wanaotembea wamo?

— Yamo mabehewa. Zimo taa, zimo njia za kupishania...

— Nimeuliza watu.

Waya akainamia kikombe chake. 

Ndipo akafika mama mkwe wa Mama Kichanga, aliyeingia mjini jana yake, amembebea mwanawe, yule fundi reli, chakula. Kasuku akampisha kwenye benchi, lakini mama hakukaa. Alikuwa amesikia ya kutosha.

— Wewe ndiye dereva, baba?

— Ndiye mimi. Shikamoo, mama.

— Marahaba. Leo utasimama?

King'ora cha zamu kikalia.  Breki aliweka kikombe chini, kahawa ingali imejaa, akavaa kofia yake ngumu, akavuka barabara kuelekea getini. Mama Kichanga alimsindikiza kwa macho, huku akimpigapiga mtoto mgongoni, ingawa mtoto hakuwa analia.

Kesho yake Breki alirudishwa nyumbani wiki nzima bila mshahara, kwa kosa la kuchelewesha treni.