Msumeno wa Watu Wawili

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii kuja kutufariji, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Koki, na nimepewa kazi hii kwa sababu mimi ndiye niliyemfuata ziwa, kwa hiyo namjua tangu hajawa mzee wala koki.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana alikofanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi tangu mwaka 1960 hadi 1967, kisha akaenda chuo cha ufundi, akahitimu ufundi bomba mwaka 1971, na mwaka uleule akaajiriwa na idara ya maji, akakabidhiwa nyumba ya pampu iliyo chini ya bonde la chemchemi, akaitunza hadi alipostaafu mwaka 2012. Nyumbani kwake mwenyewe bomba la jikoni lilivuja miaka yote hiyo, na wifi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameolewa na fundi wa watu wengine. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1984 na wa kike mwaka 1988.

Mwaka 1998, alipoona watu wanakata miti na kulima hadi ukingoni mwa chemchemi, marehemu aliwakusanya vijana wa kujitolea, akamfanya mwanawe mwenyekiti wao, na kwa kuwa alijua vijana hawana subira, aliwachagulia mikaratusi, ili waione ikirefuka wangali na hamu, na kila mmoja akafunga kwenye mti wake kipande cha bati chenye jina lake la utani. Miti ilirefuka kweli, vijana wakatembea vifua mbele, mpaka maji yalipoanza kupungua, akaja bwana misitu akaeleza kwamba miti ileile ndiyo inayoyanywa. Kaka yangu hakujificha, aliwaita vijana wote akawaambia kosa ni lake, wao walifanya kazi nzuri kwa maelekezo mabaya, lakini watu mitaani walimcheka mwenyekiti wao, wakamwita Mkausha Maji, naye kwa uchungu akamwambia baba yake kwamba hatakanyaga tena bondeni.

Idara ya maji ilitaka kuleta msumeno wa mashine kazi iishe mara moja, marehemu akawasihi wasifanye hivyo, kwa sababu aliyonieleza hadi nikaichoka, kwamba kijana akiona jasho lake limefyekwa na watu asiowajua, hatajitolea tena maishani, hivyo kila mti ukatwe na aliyeupanda, na hapohapo apande mkuyu, unaotunza maji. Alinunua msumeno wa watu wawili, ule wenye mshiko huku na huku, usiomfaa mtu akiwa peke yake, na kila Jumamosi asubuhi akawa anakaa bondeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisubiri mtu wa mshiko wa pili. Wengine walikuja upesi, wengine walikuja baada ya miaka, wakiwa na vitambi na watoto wao, ila Jumamosi nyingi hakuja mtu. Wifi alikuwa akimpelekea chai wakakaa wote, na alipofariki tarehe 9 Agosti 2011, kaka aliendelea kwenda na chupa yake na vikombe viwili, kwa mazoea. Alikuwa mpweke, ndugu zangu, nami sitalipamba jambo hilo, nilimkuta pale zaidi ya mara moja akiuongelesha msumeno, na nilipomwambia tuumalize mti wa mwisho mimi na yeye, alinijibu kwamba ule mti una mwenyewe.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, akalazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, binti yake akimuuguza bila kuchoka, hadi Jumatano tarehe 12 Machi 2025, alipotutoka akiwa usingizini. Ameacha mikuyu yenye kivuli, na maji yamerudi palipokuwa pake zamani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioshinda nasi tangu siku ile, mafundi wenzake wa idara ya maji, na nyinyi vijana wa bondeni mliobeba jeneza, ingawa wengine mna mvi kunizidi.

Na wewe mwanangu uliyekaa mstari wa mbele, uliyefika jana jioni kwa safari ndefu, bati lako lililoandikwa Mwenyekiti bado liko kwenye mti, baba yako alilifunga upya kila waya ulipoliwa na kutu, na sikumsikia hata mara moja akikulaumu, alikuwa anakusubiri tu. Msumeno nimeuleta, umeegemea ukuta pale mlangoni, na mche wa mkuyu uko kwenye kopo kando yake. Tukitoka makaburini tutapitia bondeni, magoti ya shangazi yako yamechoka, lakini mshiko mmoja nitaushika.

Kaka yangu, pumzika kwa amani, Jumamosi ya leo tuachie sisi.