Mikono ya Mama Niliyoionea Haya

Bwana asifiwe! Nyinyi wa kule nyuma, nimesema Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia.

Ndugu zangu, nilipokuwa ninasoma sekondari nilifanya kazi za kila namna wakati wa likizo. Nilifagia duka. Nilibeba matofali. Kazi hizo zilinichubua mabega tu. Kazi iliyoniharibu ilikuwa safi, ya kukaa kwenye kiti: kufundisha watu kula!

Mnacheka? Wengine wenu mlitaka niwafundishe! Mnajua ile karatasi ambayo serikali inampa mtu mweusi anayeishi kama Mzungu. Mnajua pia kwamba kamati inaingia mpaka nyumbani kuangalia hata mke wake anakula namna gani. Tata Mukendi, karani, jirani yetu hapa Kolwezi, aliitaka karatasi hiyo kufa na kupona. Akaniita mimi mwenye Kifaransa cha shule, nimfundishe yeye na mke wake, Mama Ngalula.

Ee Mungu wangu, kazi ile! Kila siku saa sita mchana, uma tatu, visu viwili, na Mama Ngalula anafukuza bukari, ule ugali wetu, kwenye sahani mpaka inaanguka chini. Nilikuwa ninapiga kelele, "Kiwiko, mama! Kiwiko!" Naye ananijibu, "Mi niko nakula ao niko natengeneza motokari?" Nilichoka naye. Nilichoka na watu wote.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Mama yangu ni mjane. Alinilea kwa jembe, akilima mihogo nje ya mji, na vidole vyake vimepasuka, udongo hautoki tena. Siku moja nilimwangalia akimega bukari kwa mkono, nikamwambia akale jikoni, kwa sababu ananitia haya. Alichukua sahani yake akaenda. Tangu siku hiyo alikuwa ananiwekea chakula mezani, kisha anaondoka. Nami nilikula peke yangu, mgongo umenyooka, nikijiona mtu! Ndugu zangu, kuna pepo asiyenuka hata pombe, na huyo ndiye aliyenifunga.

Kamati ikaja. Mimi nilisimama kando, jasho linanitoka. Mama Ngalula alikata kuku wake polepole, bila kosa hata moja. Na yule Mzungu mkubwa wa kamati? Aliutazama uma, akauweka chini, akakamata paja la kuku kwa mkono, akaling'ata, akalamba vidole vyote vitano!

Mama Ngalula akanigeukia. "Na ule, ni nani alimufundisha?"

Likizo nzima! Likizo nzima ninapigania viwiko vya watu!

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, hata sijui ninamkasirikia nani. Nilipokaribia jikoni nikasikia sauti ya mama. Alikuwa peke yake kando ya mbabula, makaa bado yanawaka, anaombea chakula chake: "Baba Mungu, aksanti kwa hii bukari. Na mutoto wangu, umupatie batu ba kula naye. Asikule peke yake."

Nilivunjika! Mimi ndiye niliyemfukuza, na bado ni yeye anayenionea huruma! Nilipiga magoti palepale kwenye majivu, nikalia, nikamwomba Yesu anitoe kiburi kile. Akakitoa! Mama alileta maji, akaninawisha mikono, akasukuma sahani yake katikati yetu.

Tata Mukendi bado anangoja karatasi. Yuko pale, mumuulize mwenyewe.

Mimi ninamshukuru Bwana aliyenirudisha kwenye sahani moja na mama yangu. Na wewe unayemwonea haya aliyekulea, usingoje kamati ije ikuaibishe kama mimi. Mtegemee Yesu leo hii, kisha nenda nyumbani ukaketi naye.

Mama, simama wakuone. Hapana, mama, usiifiche mikono. Iinue juu!