Kiti cha Mapokezi Kimepata Jina

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Philister Nafula, ambaye sote twamwita Mama Griffin, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye mapokezi ya depo yetu ya makasha hapa Changamwe. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Mwanatatu wa chai na usafi, kazi ya kuandika wasifu wake. Nilikomea darasa la nne, basi pakiwa na kosa mnistahi.

Aliingia Oktoba 1992 kumshikia kazi dada aliyekwenda kujifungua. Wiki sita tu, walimwambia. Yule dada hakurudi. Mama Griffin alikuwa ametoka Bungoma juzijuzi, na kwenye simu maneno yake yalikuwa makavu kama mkate uliolala: "Unataka nani?" Mimi nilikuwa napiga deki palepale, nikamwambia, "Dada, huku kwetu mtu huamkiwa kwanza, shida yake hufuata." Akacheka, akaliandika neno hilo kwenye kikaratasi, akakibandika kando ya simu. Nami nikamwomba anifundishe kuandika vizuri. Kila mchana baada ya kula tulikaa robo saa, mimi na yeye na daftari la wageni lililokwisha. Wasifu huu umetoka kwenye robo saa zile.

Madereva wa malori wanamjua kuliko wanavyomjua meneja. Mtu akija amefura kwa kuwa kasha lake halijatolewa, kwanza humpa kiti kinachoelekea feni. Bwana Lewa wa Kilifi siku moja aliingia akipiga meza, ataka meneja atoke sasa hivi. Mama Griffin akamwambia, "Kaa baba, ugombe ukiwa umekaa. Ukisimama utachoka kabla hajaja." Lewa akaketi, akaishia kucheka mwenyewe. Tangu hapo kila Disemba humletea korosho, na sisi wengine hupewa tukibembeleza.

Watu hudhani kazi hii ni kukaa na kutabasamu. Kwenye orodha ya mishahara, makarani wana daraja lao, madereva lao, mafundi lao. Mapokezi yaliwekwa chini kabisa, kwenye "wengineo", pamoja nami na walinzi. Miaka mingi mshahara wake ulizidi wangu kwa bei ya kilo mbili za sukari. Mwanawe Griffin alisoma kwa mshahara huo na kwa mahamri aliyokaanga mamake alfajiri.

Na hapa niseme la moyoni. Binti yangu Dhahabu alisomea mapokezi chuoni. Amefanya hotelini Nyali miezi mitatu, kliniki Kisauni miezi mitatu, kote kupitia wakala wa ajira, na kote mwisho ni "tutakupigia". Mama mwenye mtoto wa hali hiyo hula chakula asisikie ladha. Mwaka huu tukasikia kwamba Mama Griffin akiondoka, kiti chake nacho kitakwenda kwa wakala.

Desturi yetu, anayestaafu huulizwa ataka zawadi gani. Sisi huchanga, na kampuni huongeza. Fundi Gershom alichukua tangi la maji. Mama Griffin tulijua atataka friji. Wapi! Alimwandikia Bwana Musyoka, afisa wa wafanyakazi, mistari miwili: hataki kitu cha kubeba, ataka kiti cha mapokezi kipewe jina na daraja la mshahara, na atakayekuja aajiriwe wa kudumu.

Wallahi niliogopa. Nikamfuata. "Mama Griffin, chukua friji. Wakubwa hawaombwi hivyo." Akanijibu, "Friji niweke nini ndani, Mwanatatu? Samaki wako wa Mtongwe, ambao sijawaona tangu Idi?"

Wiki tano kimya. Bwana Musyoka akawa apita mlango wa nyuma. Kumbe alikuwa akimtetea huko juu. Aliwakumbusha wakubwa mwezi ule wa likizo ya Mama Griffin mwaka jana, vijana watatu wa wakala walivyopokezana pale, na foleni ya madereva ikafika getini. Tarehe 14 mwezi huu tangazo likabandikwa ubaoni: Mpokea Wageni, ajira ya kudumu, daraja sawa na makarani. Nililisoma mwenyewe, mara mbili, ndoo mkononi, machozi yanitoka.

Yeye hatalipwa hata mwezi mmoja kwa daraja hilo. Nilipomwambia, alisema, "Mimi nimeshakula. Wacha wanaokuja wapakuliwe vizuri."

Maombi yamefika arobaini na moja, na la Dhahabu limo. Mama Griffin amemjua tangu utotoni, alipokuwa akimpa pipi za kwenye droo, ndiyo maana alipoombwa kukaa na wasaili alikataa. Siku ya kwanza roho iliniuma. Siku ya pili nikaona ni haki: akipita, apite kwa miguu yake.

Usaili ni Jumanne ijayo. Akichaguliwa Dhahabu, nitasema alhamdulillah hadi sauti inikauke. Akichaguliwa mtoto wa mwenzangu, nitampelekea chai vilevile, na mamake atalala, maana kiti kina jina.

Friji tumenunua hata hivyo, Mama Griffin, imeshafika kwako Frere Town. Samaki ni juu yangu, inshallah. Ahsante kwa miaka yote. Mungu akupe afya na miaka mirefu, na kila mlango utakaobisha wakuamkie kwanza, wakupe kiti kinachoelekea feni.