Maji ya Kusuuzia

Kwenye bajaji ya Ihumwa nilikaa katikati, kwa hiyo maneno yote yalipita mbele ya pua yangu. Kushoto alikuwa binti mwenye kitambulisho cha chuo shingoni, Erica, anayekwenda kuwaelimisha wanakijiji. Kulia, mama mmoja alipakata mche wa mpapai ulioota kwenye pakiti ya maziwa.

"Shikamoo mama. Maji ya kufulia msiwe mnamwaga, mwagilieni miti."

"Marahaba. Yenye mapovu, au ya kusuuzia?"

Erica alifikiri kidogo. "Yote."

"Yenye mapovu mimi nasafishia choo. Mpapai unapata ya kusuuzia. Kwani wewe ukifua unafanyaje?"

"Mimi napeleka kwa dobi," alisema taratibu. Nikageukia barabara ili nisicheke. "Lakini mama, kitaalamu hata ya mapovu yanafaa."

"Kwa mpapai wa dobi, labda."

Bajaji ikasimama. Erica alishuka, akafungua chupa yake amwage maji yaliyobaki, mkoba upungue uzito. Alipoiinamisha, mche ulikuwa umeshapita mbele yangu na kufika chini ya mdomo wa chupa.

"Mimina tu, mwanangu," alisema mama. "Hayo hayana mapovu."