Dresa Lameki na Safu ya Tatu

Bwana Lameki Mwalongo, dresa wa wodi ya wazee hapa Njombe, anastaafu tarehe 30 Juni 1957 baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Tisa ya kwanza aliitumia Makambako, akifunga vidonda vya wasafiri. Iliyobaki aliitumia kwa watu wasiopona.

Hilo si tusi. Baridi yabisi, pumu, miguu inayovimba kwa ugonjwa wa moyo: haya hayana dawa ya kuyamaliza. Lameki aliwainua wazee kwa mito wapate kupumua, akawaosha vidonda, akawatembeza barazani kila asubuhi huku wakimtukana.

Ndugu zao waliamini mzee haendi hospitali ila kufa, hivyo walimleta pamoja na sanda. Lameki aliipokea kwa heshima na kuiweka rafuni. Ya Mzee Methusela ilikaa miaka minne, hata mwenyewe akaomba ikatwe bendeji za kidonda cha mguu wake. Ndugu walinuna. Walikuwa wamechagua kitambaa kizuri.

Mwaka 1949 alikuja mkaguzi. Daftari letu lilikuwa na safu mbili, Amepona na Amekufa, na wazee thelathini na mmoja hawakuwamo katika yoyote. Wodi isiyo na matokeo, alisema, ifungwe. Lameki aliomba asubiri hadi kesho yake, Jumanne, siku ambayo Methusela huja kutoka nyumbani kwake kufungwa kidonda cha mguu.

Mzee akasimama mbele ya meza na mkongojo wake. “Bwana mkubwa, nitafutie nafasi humo,” alisema. “Mimi jana nimepalilia viazi.”

Mkaguzi alitafuta, hakuipata. Lameki akachukua rula, akapiga mstari, akaandika juu ya safu mpya: Yupo. Majina yote thelathini na moja yakaingia. Mkaguzi alipenda safu zilizojaa. Akatia sahihi, na wodi ikabaki.

Wiki iliyopita Lameki alipimwa kabla ya kustaafu. Daktari alikuta magoti yenye baridi yabisi na presha iliyopanda, akamwamuru aje kila Jumanne. Nesi Kristina, anayempokea kazi, amekwisha kuliandika jina lake daftarini. Safu hakuuliza.

Asante, Bwana Lameki. Tunakuombea miaka mingi katika safu ya tatu. Na ndugu zako wakikuleta na sanda, wasione haya: bendeji zimepungua.