Bi Khamisa Aliyeuvua Msikiti Koti la Saruji

Tarehe 31 Disemba Bi Khamisa binti Marzouq anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane katika kitengo chetu cha majengo ya kale hapa Nizwa. Mimi nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu, ndiyo maana nimepewa kazi ya kumsifu. Nitajitahidi nisimwage siri zote.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Ibra, mji wa wazee wake, angali mdogo, akasomea uhandisi. Alianzia karakana yetu ya Firq, akisimamia ufyatuaji wa matofali ya udongo. Tangu hapo hapiti ukuta wa zamani bila ya kuugonga na kusikiliza. Siku moja, mjini Al Mintirib, aliugonga ukuta wa nyumba ya watu, mwenyewe akadhani anabisha hodi, akamkaribisha ndani. Bi Khamisa akaona haya kukataa. Akanywa kahawa, akala halua, na alipoaga akawaachia habari ya ufa nyuma ya kabati lao.

Miaka kumi iliyopita alipelekwa New Mexico, Marekani, kutazama misheni za kale za Wahispania. Wenzake walitarajia zawadi za manukato, yeye akarudi na hadithi. Alitueleza jinsi mapadri walivyoingia nchi ile pamoja na askari, karne nne nyuma, wakajenga kanisa, ua, maghala na karakana mahali pamoja. Kuta za udongo ni nene, madirisha madogo yako juu, na ndani kuna ubaridi wakati nje jua linaunguza. Alisema alijihisi yuko kwa bibi yake Ibra. Lakini hakuzipamba. Waliofyatua matofali yale ni wenyeji wa nchi, wengi hawakuulizwa kama wanataka, na wengi walikufa kwa maradhi waliyoletewa. Kila aliyesifu picha zake alisomeshwa hilo kwanza.

Kanisa moja lilimshika roho. Lilikuwa limepigwa saruji ili lidumu, kumbe udongo ulikosa pumzi, ukalowa, ukaoza ndani kwa ndani. Waumini wakaibandua saruji yote, na sasa kila mwaka hutoka wake kwa waume wakalikandika udongo kwa mikono.

Hapo akajua kinachoutafuna msikiti mkongwe wa mtaani kwao Ibra, ambao ukuta wake ulikuwa umevimba chini. Tatizo ni kuwa saruji ile ilikuwa ya baba yake. Zamani, kati ya watu wetu waliorudi kutoka Afrika, aliyejaaliwa mali alimshukuru Mungu kwa saruji, na Mzee Marzouq aliuvika msikiti saruji hiyo kuwa sadaka ya marehemu mama yake.

Mzee hakupendezwa. Alimuuliza, "Ala, makanisa ya Wahispania ndiyo yakufunze msikiti wetu?" Kibali cha kubandua kilingoja saini ya Bi Khamisa tu, naye hakuitia. Alijua akitia, ukuta utapona na baba atavunjika. Kila Ijumaa alikwenda Ibra, akamwamkia shikamoo, wakala pamoja, msikiti hautajwi. Jumapili alikuja kazini mnyonge, na sisi tulimwonea huruma.

Mwishowe alimwomba mzee amsindikize msikitini, augonge ukuta mwenyewe. Akaugonga hapa, akaugonga pale. Ukuta ukalia mtupu, udongo wa ndani umekwisha. Mzee alirudi nyumbani, na kesho yake akampigia simu kuwa atie saini.

Siku ya kazi Bi Khamisa alisimama mbele ya ukuta na nyundo, asipige. Mzee akamsogelea. "Nipe hiyo, mwanangu. Sadaka yangu, n'taivua mwenyewe."

Ukuta leo ni mkavu, na mtaa mzima huukandika kila msimu wa baridi, udongo na makapi ya ngano. Misikiti mingine na nyumba kadhaa zimefuata njia hiyo, na vijana wengi wa kitengo wamejifunza kwake. Aliyegombezwa naye anajua kuwa aligombezwa kwa mapenzi.

Bi Khamisa, ahsante kwa kazi, kwa ukali na kwa halua za Ibra. Mwenyezi Mungu akupe afya, raha na miaka mingi ya kheri. Mzee Marzouq naye atakuwepo kwenye hafla. Tulimpigia kumwalika aje kumuaga bintiye, akatusahihisha: nyinyi ndio mnaomuaga, mimi nakuja kumchukua.