Mkaguzi wa Mizani na Majiko Yake ya Kopo

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa mama yetu muuguzi na baba yetu karani wa posta. Mimi nilifuata baada ya miaka miwili, na tangu siku hiyo nimekuwa nyuma yake. Shemeji ameniomba nisome wasifu huu kwa sababu, anasema, nina sauti. Nina kijicho pia, na leo sitakificha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1979, mara zote wa kwanza au wa pili. Kila darasa nililoingia, mwalimu aliniuliza, "Wewe ndiye mdogo wake?" Nikiitikia, alifurahi. Baada ya jaribio la kwanza aliacha kufurahi.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitatu. Akionekana sokoni, wenye mizani iliyochezewa walikumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa nyumbani. Aliwahi kufunga duka kwa pungufu ya gramu tano.

Alifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1987. Bibi harusi nilimwona mimi kwanza, kwenye foleni ya benki, nikamtuma kaka anisemee. Basi, yaliyopita si ndwele.

Kila Desemba sisi wawili tulipanda mlima na kupiga kambi siku tatu. Ili kupunguza mzigo, marehemu alianza kutengeneza majiko madogo ya spiriti kwa makopo ya soda yaliyokatwa na kutobolewa vitundu kwa pini. Jamani, mimi ni fundi bati! Kukata kopo ni kazi yangu. Lakini majiko yake yaliyopinda kama kofia ya mlevi yalichemsha nusu lita ya maji kwa mililita kumi na tano za spiriti, na yangu yaliyonyooka yalikunywa ishirini. Nyumbani kwake alipima spiriti kwa bomba la sindano na maji kwa kipimajoto, huku shemeji akishika saa. "Jicho halipimi, mdogo wangu," alikuwa akiniambia. Roho iliniuma mpaka nikakosa usingizi.

Tarehe 20 Desemba 2008, barazani kwake, jiko langu lilichemsha kwa mililita kumi na mbili. Shemeji alipiga vigelegele. Marehemu aliandika daftarini, akanipa mkono. "Haya, Bingwa. Umenipita." Kuanzia hapo ukoo mzima mkaniita Bingwa, na yeye ndiye aliyewafundisha.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu. Alilazwa tarehe 2 Mei, miguu ikiwa imevimba, na alifariki tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla alimwambia nesi, "Mwone huyu. Nusu lita kwa mililita kumi na mbili!" Mimi nikatazama dirishani.

Juzi nilifungua daftari lake nikitafuta tarehe za kusoma hapa. Mna majaribio mia mbili na kumi na manne, na mbele ya kila moja ameandika joto la maji kabla ya kuwasha jiko: nyuzi ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini. Mbele ya lile langu ameandika arobaini na moja. Ndugu zangu, alipoingia ndani kutafuta kiberiti niliongeza maji ya moto ya chupa ya chai. Aliporudi alichovya kipimajoto kama kawaida yake, akawasha jiko, nami nikajipa moyo kwamba hakukisoma.

Alikisoma. Akaniacha nitembee na jina hilo miaka kumi na nusu. Nilidhani walau mara moja nimemshinda, kumbe hata siku ile alinishinda kwa moyo, na huo moyo nao nauonea wivu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada yetu mkubwa, na mdogo wake ambaye kuanzia leo msimwite Bingwa. Lala kwa utulivu, kaka. Rekodi ni yako: mililita kumi na tano, maji baridi.